Danadana za Muuzaji: Nani Hulipia Muda Klabu Inapochelewa Kuuzwa

Usiku wa Ijumaa, tarehe 17 Februari 2023, mashabiki wengi wa Manchester United walikuwa macho, ingawa hakukuwa na mechi ya kutazama. Walikuwa wanatazama simu. Ndiyo siku iliyotajwa kuwa ya mwisho kwa matajiri kupeleka madau yao ya kwanza ya kuinunua klabu, na kila baada ya dakika mbili tatu kidole kilivuta kioo kuona kama kuna jipya. Wapo waliofungua programu za kufuatilia safari za ndege, wakawa wanabishana ni ndege binafsi ipi imetoka wapi na imebeba nani. Ikatoka taarifa ya Sheikh Jassim bin Hamad Al Thani wa Qatar kwamba anaitaka klabu yote, asilimia 100, na kwamba hataiachia deni. Ikathibitishwa pia kwamba Sir Jim Ratcliffe, kupitia kampuni yake ya INEOS, naye ametia dau. Tulilala alfajiri tukiwa na hakika kwamba zimebaki wiki chache tu.

Wiki chache hizo zikawa mwaka mzima na siku tatu. Mwezi Machi kukawa na duru ya pili, na muda wake ukaongezwa watu wakiwa tayari wamekaa kusubiri matokeo. Mwishoni mwa Aprili ikaja duru ya tatu. Kiangazi kikapita, ligi ikaanza upya, Oktoba Sheikh Jassim akajitoa, na mkesha wa Krismasi wa 2023 ikatangazwa kwamba Ratcliffe atachukua robo ya hisa. Mpango huo ulikamilika tarehe 20 Februari 2024, miezi 15 tangu familia ya Glazer itangaze, tarehe 22 Novemba 2022, kwamba inatafakari mustakabali wa klabu, ikiwemo uwezekano wa kuiuza. Waliokuwa wakiimba kwamba wanataka klabu iuzwe yote walijikuta wameuziwa habari ya robo, huku wenye klabu wakiwa walewale.

Kiswahili kina neno lililozaliwa uwanjani ambalo linaeleza hali hii kuliko istilahi yoyote ya wanasheria wa makampuni, nalo ni danadana. Mtu anapopigwa danadana, mpira hauanguki wala haupasiwi, na anayeutazama hana la kufanya ila kuhesabu. Mashabiki wa klabu inayouzwa polepole huwa katika nafasi hiyo. Hasira yao inaeleweka na nimeshiriki sehemu yake, lakini nadhani mara nyingi wanaishika kwa upande usio sahihi. Wanalalamikia mwendo wa kobe, ilhali jambo la kuulizia ni nani anayelipia gharama ya mwendo huo. Mauzo ya klabu hukamilika pale kuchelewa kunapoanza kumuumiza muuzaji. Kabla ya hapo yanaweza kuburuzwa hata misimu miwili, na hakuna bango wala wimbo utakaoyasogeza.

Tuanze na kumtendea haki muuzaji, kwa sababu si kila kuchelewa ni hila. Klabu kubwa ni kampuni yenye mikataba mingi iliyofungamana: mishahara ya wachezaji, malipo ya uhamisho ambayo bado yanadaiwa kwa awamu, mikopo ya benki, haki za matangazo, ardhi ya uwanja, kesi zilizoko mahakamani. Mnunuzi makini huwatuma wahasibu na wanasheria wakague vitabu ukurasa kwa ukurasa, na kazi hiyo haiishi kwa siku tatu. Kisha ligi yenyewe inapaswa kujiridhisha kuhusu mnunuzi ni nani, fedha zake zinatoka wapi, na nani hasa atakayekuwa na kauli ya mwisho. Swali hilo la mwisho ndilo lililoikwamisha Newcastle United. Mpango wa kuinunua kutoka kwa Mike Ashley ulijulikana Aprili 2020, wanunuzi, wakiongozwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, wakajitoa mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, na haukukamilika hadi tarehe 7 Oktoba 2021, Ligi Kuu ilipopata hakikisho la kisheria kwamba taifa la Saudi Arabia lenyewe halitaitawala klabu hiyo. Mtu anaweza kulikubali hakikisho hilo au akaliona kichekesho, lakini lilikuwa swali la haki kuulizwa, na kulijibu kulichukua muda.

Ucheleweshaji unaotia uchungu ni ule mwingine, ambao ndani yake hakuna kinachochunguzwa isipokuwa bei. Muuzaji anakaa kimya, wanunuzi wawili wanapandishiana, na kila duru mpya inaongeza dau. Manchester United ilikuwa na kipimo ambacho klabu nyingi hazina, kwa sababu hisa zake zinauzwa katika soko la hisa la New York tangu 2012, na kila siku ya kazi bei ya matumaini ilikuwa inaonekana wazi kwenye skrini. Tarehe 5 Septemba 2023, baada ya gazeti moja la Uingereza kuandika kwamba familia ya Glazer inakusudia kuiondoa klabu sokoni, hisa hizo zilianguka kwa takriban asilimia 18 kwa siku moja. Shabiki aliiona namba hiyo kama mzaha. Kwa muuzaji ilikuwa ushahidi kwamba hata uvumi wa kuuza ni mali, na kwamba anayengoja ana kitu mkononi. Hatimaye Ratcliffe alilipa dola 33 kwa kila hisa, bei iliyo juu mno ya ile iliyokuwa sokoni kabla ya tangazo la Novemba 2022, tena akaahidi dola milioni 300 za ziada kwa ajili ya uwanja. Kwa hesabu za muuzaji, subira ilivuta heri kwelikweli.

Kuna jambo lingine ambalo halikuzungumzwa vya kutosha vijiweni. Ndani ya neno "familia" mlikuwa na ndugu sita, watoto wa marehemu Malcolm Glazer aliyeinunua klabu mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa mkopo uliobebeshwa klabu yenyewe. Iliripotiwa kwa mapana kwamba Joel na Avram hawakuwa na haraka ya kuondoka kama ndugu zao. Hisa za familia ni za daraja B, na kila moja ina kura 10 dhidi ya kura moja ya hisa ya kawaida. Anayetafuta sababu ya mchakato kuanza kwa kishindo na kuishia kwenye robo, aanzie kwenye muundo huo. Unaruhusu kuuza kipande kikubwa, kupokea fedha, na kubaki na usukani. Mnunuzi wa asilimia 100 alikuwa anaomba kitu ambacho baadhi ya wenyewe hawakuwahi kuwa na hakika kwamba wanakiuza.

Je, katika miezi hiyo 15 nani aligharamika? Tazama dirisha la usajili la Januari 2023. Manchester United ilikuwa chini ya kocha Erik ten Hag, iko vizuri kwenye ligi, na mwezi uliofuata ingechukua Kombe la Ligi. Waliosajiliwa walikuwa watatu, Wout Weghorst, Jack Butland na Marcel Sabitzer, na wote watatu walikuja kwa mkopo. Simlaumu mchezaji yeyote kati yao. Weghorst alikimbia kuliko watu wengi waliolipwa mara tatu yake. Lakini klabu ambayo haijui Machi itakuwa ya nani haiandiki mkataba wa miaka mitano mwezi Januari. Ndivyo mauzo ya polepole yanavyofanya kazi ndani ya klabu yoyote: maamuzi makubwa yanawekwa kando kwa heshima ya tajiri ajaye, na madogo yanafanywa na watu wasiojua kama watakuwapo kuyajibia. Mkurugenzi mtendaji Richard Arnold alitangazwa kuondoka Novemba 2023, kabla hata ya Ratcliffe kutia saini. Msimu huo timu ilishika mkia katika kundi lake la Ligi ya Mabingwa na kumaliza ya nane kwenye ligi. Kusema kwamba mauzo ndiyo yaliyosababisha yote hayo kungekuwa kutia chumvi, kwani majeruhi walikuwa wengi na makosa ya usajili yalikuwa ya miaka. Hata hivyo sidhani kama kuna mtu anayeweza kuonyesha uamuzi mmoja uliokuwa bora kwa sababu ulifanywa gizani.

Huko chini, mbali na kamera, gharama ni kali zaidi. Reading chini ya mmiliki Dai Yongge ilikatwa alama mara kadhaa kwa makosa ya kifedha, ikashuka hadi daraja la tatu mwaka 2023, na mwaka 2024 timu yake ya wanawake ikajiondoa kwenye ligi ya daraja la pili kwa kukosa fedha za kuendelea. Mmiliki alikuwa amesema anauza. Wanunuzi walikuja, wakapewa muda wa kuzungumza peke yao bila mshindani, muda ukaisha, wakaondoka. Tarehe 13 Januari 2024, katika mechi dhidi ya Port Vale, mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani dakika ya 16, dakika iliyochaguliwa kwa sababu alama 16 zilikuwa zimeshakatwa. Kisha mamia wakaingia uwanjani na kugoma kutoka hadi mwamuzi akaivunja mechi. Mpira wa tenisi ni mwepisi, haumuumizi mtu, na ukitupwa kwa mamia huwalazimisha wachezaji wa pande zote mbili kuinama kama watu wanaookota embe. Nilipoiona picha hiyo nilicheka kwanza, kisha nikakumbuka kwamba waliorusha ni watu waliolipa kiingilio ili wazuie burudani yao wenyewe.

Hapo ndipo udhaifu wa shabiki unapoonekana wote. Mteja wa duka akichoshwa anahamia duka jingine, na mwenye duka analijua hilo. Shabiki hahami. Akigoma kununua jezi, hasara inaiangukia klabu anayoipenda kabla haijamfikia anayemchukia, na akienda uwanjani kupinga, ameshalipa. Mwaka 2005 baadhi ya mashabiki wa United waliamua kuhama kweli, wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester. Ninawaheshimu kwa hilo, lakini walikuwa wachache, na Old Trafford iliendelea kujaa. Mwaka 2010 wengine walivaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath iliyozaa klabu hiyo. Uwanja ulipendeza na wenye klabu walibaki. Tarehe 2 Mei 2021, wiki mbili baada ya sakata la Super League ya Ulaya, ligi iliyokufa kabla ya kuzaliwa, waandamanaji waliingia uwanjani na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Hiyo iliwashtua wakubwa kuliko skafu zote, kwa sababu iligusa haki za matangazo. Hata hivyo tangazo la kufikiria kuuza lilisubiri mwaka mmoja na nusu zaidi.

Linganisha na Chelsea. Roman Abramovich alitangaza kuiuza tarehe 2 Machi 2022, na siku nane baadaye serikali ya Uingereza ikamwekea vikwazo. Klabu ikabaki ikiendeshwa kwa kibali maalumu ambacho kilikuwa na tarehe ya kuisha, 31 Mei. Haikuruhusiwa kusajili, kuongeza mikataba, wala kuuza tiketi mpya za kawaida. Mauzo ya pauni bilioni 2.5 kwa kundi la Todd Boehly na Clearlake yalikamilika tarehe 30 Mei, siku moja kabla ya kibali kufa. Benki iliyosimamia, Raine, ndiyo hiyohiyo iliyokuja kusimamia mchakato wa Manchester United. Wakaguzi wa vitabu ni wa aina moja, wanasheria ni wa aina moja, na ligi ni ileile, ila klabu moja iliuzwa katika miezi mitatu na nyingine ikatumia miezi 15 kuuza robo. Kilichokuwapo Chelsea na kukosekana Old Trafford ni tarehe ambayo ikipita muuzaji anapoteza.

Reading nayo ilipata ukombozi wake kwa njia hiyo. Mapema mwaka 2025 shirika linaloendesha ligi za madaraja ya chini lilimwondolea Dai sifa ya kumiliki klabu na kumpa tarehe ya mwisho ya kuuza, kisha likaiongeza kidogo. Mei 2025 klabu ikahamia kwa Rob Couhig, mtu yuleyule ambaye mazungumzo yake yalivunjika Septemba ya mwaka uliotangulia. Mnunuzi hakubadilika, wala uwanja. Kilichobadilika ni kwamba mwenye kuchelewesha aliwekewa saa mezani.

Sasa nigeukie upande ambao mashabiki wenzangu hawapendi kuusikia. Wanapopiga kelele "uzeni haraka", wanaomba kitu kinachoweza kuwaua. Bury, klabu iliyoanzishwa mwaka 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, iliuzwa Desemba 2018 kwa pauni 1. Huo ndio wepesi. Miezi minane baadaye mmiliki mpya alikuwa ameshindwa kuionyesha ligi ushahidi wa fedha za kuiendesha. Jaribio la kuiuza tena likavunjika saa za mwisho, na tarehe 27 Agosti 2019 klabu ikafutwa kwenye ligi. Everton ilinusurika kwa kuchelewa. Septemba 2023 mmiliki wake Farhad Moshiri alikubali kuiuza kwa kampuni ya uwekezaji ya 777 Partners, na kwa miezi zaidi ya minane ligi ikawa inaomba nyaraka ambazo hazikamiliki. Mashabiki walichoka, timu ikakatwa alama 10 zilizopunguzwa baadaye kuwa 6, zikakatwa nyingine 2, na kila wiki ilionekana kama adhabu juu ya adhabu. Ila ndani ya muda huohuo mambo ya mnunuzi yakaanza kufumuka. Shirika la ndege la Bonza la Australia, lililotegemea fedha zake, likaanguka, na mkopeshaji mmoja akamshtaki mahakamani New York kwa madai ya udanganyifu. Mpango ukafa rasmi mwanzoni mwa Juni 2024. Laiti ungepita kwa kasi waliyoitaka wengi, Everton ingehamia uwanja wake mpya wa watu zaidi ya 52,000 ikiwa mikononi mwa kampuni isiyoweza kujilipia madeni. Wawekezaji wa Marekani, Friedkin, waliingia kwenye mazungumzo, wakajitoa Julai, wakarudi Septemba, na kumaliza tarehe 19 Desemba 2024. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini safari hii mbuzi aliyekuwa kwenye gunia alijulikana kabla fedha hazijabadilishana mikono.

Kwa hiyo madai ya shabiki hayana budi kuwa na ncha kali zaidi ya "haraka". Kuna mambo mawili ambayo muuzaji anaweza kuyatangaza bila kufichua bei wala jina la mtu: tarehe ya mwisho ya kupokea madau, na kile kitakachotokea tarehe hiyo ikipita bila makubaliano. La pili ndilo zito. Je, klabu itaondolewa sokoni? Je, bajeti ya usajili itatolewa kama kawaida? Je, deni litapunguzwa? Mwenye klabu akilazimika kusema mapema kwamba mauzo yakikwama atatoa fedha zake mwenyewe kuendesha dirisha linalofuata, kuchelewa kunaanza kuwa na bei kwake, na hapo utashangaa jinsi wanasheria wanavyoweza kufanya kazi hadi usiku. Bila hilo, tarehe zinazotajwa ni mapambo. Ile ya 17 Februari ilikuwa mojawapo.

Uingereza imejaribu kutia mkono. Sheria ya Uongozi wa Soka ilipitishwa Julai 2025 na kuunda msimamizi huru mwenye mamlaka ya kutoa leseni kwa klabu na kupima wamiliki na wakurugenzi. Nadhani ingewasaidia Bury, na pengine ingeyafupisha mateso ya Reading. Lakini inahusu zaidi nani anafaa kumiliki; mmiliki anayelipa mishahara kwa wakati na kukidhi masharti anaweza bado kupiga danadana atakavyo, kwa kuwa mali ni yake. Ujerumani wana njia nyingine, ya kuhakikisha kwamba wanachama wanabaki na kura nyingi katika klabu zilizo nyingi, na mwanzoni mwa 2024 mipira ya tenisi ya huko iliwafanya wakuu wa ligi waachane na mpango wa kuleta mwekezaji. Mipira ni ileile iliyorushwa Reading. Huko Ujerumani ilirushwa na watu wenye kura.

Newcastle itatajwa hapa kama jibu, maana kila shabiki aliyechoka huitaja. Siku wanunuzi walipoingia timu ilikuwa ya 19, haijashinda hata mechi moja kati ya 7. Ikamaliza msimu huo ya 11, na Machi 2025 ikachukua Kombe la Ligi, taji lake la kwanza kubwa la nyumbani tangu 1955. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sina ugomvi na furaha hiyo, ila mgeni huyo alikuwa na mfuko ambao haupatikani mara mbili, na anayesubiri mauzo ya klabu yake akiwa na picha hiyo kichwani ataona kila mnunuzi mwingine kuwa mdogo.

Tarehe 12 Mei 2024, chini ya miezi mitatu baada ya Ratcliffe kukamilisha robo yake, Manchester United ilifungwa bao 1 kwa 0 na Arsenal nyumbani. Baada ya filimbi mvua kubwa ikanyesha, na kwenye kona moja ya Old Trafford maji yakashuka kutoka paani kama maporomoko, juu ya viti na ngazi. Watu walisimama pembeni na kuyapiga picha kwa simu zilezile walizokesha nazo ule usiku wa Februari, mwaka mmoja na miezi mitatu nyuma. Kura nyingi za klabu zilikuwa bado mikononi mwa familia ileile.